Nimejaliwa Mtoto, na Bado Natibiwa

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, hapa hapa Tanga, na kwa miaka mingi baada ya hapo nilifunga Ramadhani nzima bila kula hata siku moja. Wenzangu wa madrasa walinionea wivu. Wao kila mwaka walibaki na deni la siku tano, sita au saba, wakalilipa Shaabani mwezi ukiwa ukingoni, na mimi nilikuwa sidaiwi. Aliyeshtuka ni bibi yangu mzaa mama. Aliniita uani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, siku zako unaziona?" Nikamwambia naziona, ila si kila mwezi. Zilikuwa zikija mara chache kwa mwaka, na zikishakuja haziondoki upesi. Bibi akamwambia mama. Mama akasema, "Akiolewa zitatulia."

Mama hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo na yeye alivyoambiwa alipokuwa mwali. Lakini ndani ya maneno hayo mna namna nzima tunavyoutazama ugonjwa huu huku kwetu: msichana asiyeolewa hakuna anayemuuliza habari za hedhi yake, mke asiyeshika mimba anaulizwa na kila mtu, na aliyekwisha kuzaa hesabu yake imefungwa. Mimi hali zote tatu nimezipitia, na ninashuhudia kwamba ugonjwa ulikuwa ule ule tangu mwanzo hadi leo. Madaktari wanauita PCOS. Unagusa ovari, unagusa sukari, unagusa ngozi, presha na hata akili. Mtoto ni kipande kimoja tu cha habari yake.

Ndevu zilianza nikiwa chuo cha ualimu. Kwanza nywele mbili tatu chini ya kidevu, nyeusi na ngumu, kisha zikashuka shingoni na kupanda mashavuni. Nilinunua kibano. Kila alfajiri baada ya sala nilisimama dirishani, kabla wenzangu wa bwenini hawajaamka, nikang'oa moja moja mpaka ngozi ikawasha. Nilipoanza kazi nilibeba kibano kwenye pochi, kwa sababu ukisimama mbele ya darasa la watoto sitini, yuko mmoja atakayeona na atasema. Wapo watu wazima walionipongeza, wakadai mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya pesa. Wapo walioniuliza bila haya kama mimi ni mwanamke kamili. Swali hilo linaumiza, na linaumiza zaidi linapotoka kwa mwanamke mwenzako, mbele ya watu, katikati ya shughuli ya harusi.

Shingo nayo ikawa nyeusi. Weusi wenyewe ulikuwa mzito, wenye mikunjo, unaanzia kisogoni unazunguka hadi pembeni, na kwapani vivyo hivyo. Wifi zangu baadaye wakasema sijisugui. Nilijisugua kwa dodoki mpaka nikatoka vidonda. Fundi wa saluni akaniuzia mkorogo kwenye kikopo kisicho na jina wala maandishi. Nataka hapa nisimame kidogo, kwa kuwa najua mabinti wengi wenye shingo na ndevu zangu wanamalizikia kwenye kikopo hicho. Ndani ya mikorogo hii hukutwa haidrokwinoni na zebaki, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi, na mara nyingi hukutwa pia krimu za steroidi. Steroidi hizo zikipakwa usoni kwa muda mrefu zinaweza zenyewe kuotesha nywele. Binti anapaka ili afiche dalili, dalili inaongezeka. Na ule weusi wa shingoni hautoki kwa kusugua wala kwa kuchubua, kwa sababu haukuanzia kwenye ngozi. Nitafika huko.

Niliolewa nikiwa na miaka 26. Siku zangu hazikutulia. Mwaka ulipopita bila dalili ya mimba, nyumba ya ukweni ilianza kujaa ushauri. Shangazi wa mume wangu alisema nina jini mahaba, ananionea wivu ndiye anayezuia. Nikasomewa, nikanywa kombe. Jirani akaleta dawa ya kusafisha kizazi kwenye chupa ya soda, chungu isiyosemeka, ninywe asubuhi na jioni. Mume wangu, Mungu amjalie, alikwenda mwenyewe kupima mbegu bila kuombwa na mtu, na majibu yakawa mazuri. Lakini hakuyatangaza. Alijua yakitangazwa, mzigo wote utaangukia kwangu.

Kisha hedhi ikaja ikakataa kukatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ikaingia ya tatu. Nikawa nimeacha sala siku zote hizo, na moyo ukawa mzito kuliko mwili. Nikaenda kwa ustadhati aliyetusomesha fiqhi utotoni. Nilimsalimu, "Shikamoo ustadhati," nikamweleza kila kitu. Alinikumbusha kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, hedhi haizidi siku 15. Inayozidi hapo ni damu ya istihadha: mwanamke anaoga, anajihifadhi, anatawadha kwa kila faradhi na anasali. Nilishukuru. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono. "Mwanangu, istihadha ni damu ya ugonjwa. Na ugonjwa una daktari. Umekwenda?"

Kabla yake hakuna mtu aliyenituma hospitali kwa ajili ya afya yangu mimi. Wote walionituma popote, walinituma kutafuta mtoto.

Kituo cha kwanza nilichokwenda kilikuwa cha binafsi. Nilipigwa altrasaundi, mpigaji akageuza kioo nikaona duara jeusi lililojaa vidoa kando kando. Akaniambia nina uvimbe mwingi kwenye mayai pande zote mbili na natakiwa kupasuliwa haraka. Akaniandikia na gharama. Hakuniuliza habari za hedhi, hakuniuliza habari za ndevu, hakutaka damu wala mkojo. Tulirudi nyumbani na ile karatasi, na usiku mume wangu akasema hatupasui mtu kwa kipimo kimoja. Alipiga simu kwa kaka yake aliyeko Dar es Salaam, na tukaelekezwa kwa daktari wa akina mama, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole.

Huyo hakuanza na mashine. Alianza na maswali, na maswali yake yalichukua muda mrefu kuliko vipimo. Ulivunja ungo lini? Hedhi zilikuja mara ngapi mwaka jana? Nywele unang'oa wapi? Kwenu nani ana kisukari? Nikamwambia mama yangu anacho, na kilimkata kidole cha mguu. Akanipima uzito, kiuno na presha. Akaomba aone shingo. Nilivua mtandio kwa aibu, na yeye akaitazama akasema, "Hii si taka, mwanangu. Hii ni insulini."

Nieleze alivyonieleza, maana maelezo yale ndiyo yaliyonigeuza. Chakula kikishakuwa sukari kwenye damu, kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye seli itumike. Kwa wengi wetu wenye PCOS, insulini inabisha hodi na seli hazifungui. Kongosho linadhani hodi haikusikika, linatuma insulini nyingine, na nyingine tena. Sukari inaingia hatimaye, ndiyo maana kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha uko salama, lakini damu imejaa insulini kupita kiasi. Insulini hiyo ikifika kwenye ngozi ya shingo na kwapa, ngozi inanenepa na kuwa nyeusi. Ikifika kwenye ovari, inazisukuma zitengeneze homoni za kiume zaidi ya zinavyostahili; kila mwanamke anazo homoni hizo kidogo, zikizidi ndipo ndevu na chunusi zinapokuja, na nywele za utosini zinapopungua. Ini nalo, kwa kuelemewa na insulini, linapunguza protini inayozishika homoni hizo kwenye damu. Ovari katika hali hiyo zinaanza kukuza mayai mengi kwa pamoja, na hakuna linalofika mwisho. Yai lisipokomaa likatoka, hedhi haina ratiba.

Vile vidoa vyeusi nilivyoonyeshwa kwenye kioo ndivyo mayai hayo yaliyosimama njiani, kila kifuko milimita 2 hadi 9. Si uvimbe wa kukatwa. Aliniambia zamani walikata kweli: mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye hali hii, na tiba yao ilikuwa kukata kipande cha ovari. Dawa zilipopatikana, kisu kilirudishwa nyuma. Na altrasaundi peke yake haitoshi kumpa mtu mzima jina la ugonjwa huu. Kanuni waliyokubaliana wataalamu Rotterdam mwaka 2003 inataka dalili mbili kati ya tatu: hedhi zilizovurugika, homoni za kiume zilizozidi kwa kuonekana au kwa kipimo, na ovari zenye vifuko vingi. Na kabla ya hapo lazima magonjwa mengine yanayofanana yaondolewe, likiwemo tatizo la tezi ya shingo. Mimi dalili zote tatu ninazo, na karatasi ya kupasuliwa ikabaki kwenye bahasha yake.

Siku ya pili nilikwenda nimefunga tangu usiku. Nikapimwa sukari, nikanyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, nikakaa saa 2, nikapimwa tena. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa 9.1. Kufikia 11.1 ni kisukari. Chini ya 7.8 ni salama. Nilikuwa katikati, nina miaka 28, na kama nisingekunywa ile glukosi nisingejua. Nilirudi nikamkuta mama amekaa barazani amenyoosha mguu wake wenye vidole vinne. Tangu siku ile ugonjwa wangu ulikuwa na sura nyingine kabisa. Nilikuwa nimelilia mtoto kwa miaka miwili. Sasa nilikuwa na mwili wangu wa kuulinda.

Nilianzishiwa metformini, kidonge cha miligramu 500 na chakula cha usiku, kipandishwe taratibu. Wiki za mwanzo tumbo lilinisumbua sana, choo laini na kichefuchefu, na nasema hili kwa wanaoanza: wengi wanaacha hapo. Usiache, mwambie daktari akupunguzie kasi au akubadilishie aina inayoyeyuka polepole. Jirani aliona boksi akasema, "Kumbe na wewe una sukari kama mama yako." Sikuwa na kisukari, dawa ile inazisaidia seli kuisikia insulini. Na kwa wale waliotaka nibaki kwenye mitishamba, mimi sina ugomvi nayo. Metformini yenyewe asili yake inafuatwa hadi kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Tofauti ni kwamba kidonge changu kimepimwa, nakijua kipimo chake na madhara yake. Ile chupa ya soda hakuna aliyeweza kuniambia ndani mna nini.

Chakula ndicho kilichokuwa kazi. Sikupewa orodha ya kigeni yenye vitu visivyouzwa soko la Mgandini. Daktari aliniuliza nakula nini, nikamwambia: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari na maandazi au chapati, mchana wali au ugali wa sembe, usiku wali tena au mkate wa kumimina. Akasema hakuna chakula hapo nitakachokikosa maisha yangu yote, ila sahani ibadilishwe. Mboga na samaki viwe vingi, wanga uwe mchache. Sembe nikaibadilisha kuwa dona. Kunde, choroko na maharage vikapanda daraja mezani kwangu, dagaa vile vile, na mchicha, matembele na kisamvu nikapakua hadi nusu ya sahani. Chai nikaanza kunywa ya rangi yenye tangawizi na mchaichai, bila sukari, na baada ya mwezi ulimi ulizoea. Machungwa ya Muheza sikuyaacha, ningeyaachaje? Lakini nala chungwa lenyewe na nyama yake, juisi sikamui tena. Soda niliiaga.

Ugumu ulikuwa kwenye sinia. Kwetu watu wanakula pamoja, mikono mitano sita kwenye sinia moja la wali, na anayejitenga na sahani yake anaonekana ana maringo au anaogopa kurogwa. Hakuna daktari anayefundisha namna ya kupima wanga kwenye sinia la ukweni. Wiki kadhaa nilikula kwa mashaka, nikichota pembeni pembeni, mpaka mama mkwe akaniita jikoni. "Unakula kama mgeni. Nani kakuudhi?" Nikamwambia, "Hakuna, mama. Nina shida kwenye mwili," nikamweleza insulini, nikamweleza mguu wa mama yangu. Alinyamaza kitambo. Mchana ule chakula kilipoletwa, alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mpakulieni mwanangu pembeni, mboga ziwe nyingi. Na mimi nipakulieni kama yeye." Yeye presha inamsumbua. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili.

Ramadhani ilihitaji akili ya pekee. Futari ya Tanga ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, viazi, uji wa pilipili manga, vyote vya wanga, vyote kwa mara moja juu ya tumbo tupu. Nilikubaliana na daktari nimeze vidonge kwa futari na daku. Nafungua kwa tende moja na maji, naswali, kisha naanza na samaki na mboga, halafu kipande cha muhogo. Kaimati nala moja, siku ya wageni.

Kuhusu mazoezi sikuhangaika. Tanga ni mji wa baiskeli, barabara zake ni tambarare, na wanawake kuendesha si jambo la kuwatazama. Niliacha bodaboda nikanunua baiskeli ya mtumba, nikaenda nayo shuleni na kurudi, jioni nyingine hadi Raskazone kupunga upepo. Kinachotakiwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, na mimi nazipata bila kutenga muda. Uzito ulishuka kutoka kilo 84 hadi 79. Mtu atasema kilo tano ni nini. Kwa mwili wenye PCOS na uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 tu kunaweza kuzirudisha ovari kazini, na kwangu kulizirudisha. Hedhi ikaja, mwezi uliofuata ikaja tena. Shingo ikaanza kung'aa yenyewe, bila dodoki.

Lakini nisieleweke vibaya: si kila mwenye PCOS ni mnene. Namjua mwalimu mwenzangu mwembamba mwenye ugonjwa huu huu, na kwa wembamba wake alichelewa kupimwa kwa sababu kila aliyemwona alimwambia hana tatizo. Kumwambia mgonjwa "punguza mwili" na kumfungulia mlango atoke si tiba, ni kumfukuza.

Mimba nitaisema kwa ufupi. Hedhi zilipokuwa bado hazina uhakika wa yai, daktari alinipa letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, ambayo kwa muda mfupi mwanzoni mwa mzunguko inaisukuma ovari ikomaze yai. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliowahusu wanawake 750 wenye PCOS ulionyesha kwamba karibu 28 kati ya 100 waliopewa letrozoli walizaa mtoto hai, dhidi ya 19 waliopewa klomifeni iliyozoeleka. Si muujiza kwa kila mtu, lakini mimi ilinifaa. Kliniki walinipima sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28, ikakutwa imepanda, kisukari cha mimba, jambo linalotupata sisi kuliko wengine. Tukaishika kwa chakula. Nilijifungua binti, mzima, alhamdulillahi.

Ikapigwa maulidi, akachinjwa mbuzi wa akika, na kila aliyeingia kunipa hongera alisema, "Umepona sasa." Hata mume wangu alisema hivyo. Ubani ulifukizwa nyumba nzima, dua zikaombwa za shukrani, na ugonjwa ukasahauliwa rasmi.

Nilipomwachisha mtoto ziwa, hedhi ilikuja mara moja ikapotea. Ndevu zikarudi. Nilirudi kwa daktari peke yangu, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeona sababu ya mimi kwenda. Mama mzaa chema hahitaji kliniki, walidhani. Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo nataka kila mwanamke alishike hata akisahau mengine yote niliyoandika. Kila mwezi homoni ya estrojeni inajenga ukuta laini ndani ya kizazi. Yai likitoka, projesteroni inakuja kuutuliza ukuta huo, na mimba isipotunga unabomoka na kutoka, ndiyo hedhi. Yai lisipotoka, ukuta unazidi kujengwa miezi na miezi bila kubomolewa. Ukikaa hivyo miaka, chembe zake zinaweza kuharibika, na wanawake wenye PCOS wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya ukuta wa kizazi kuliko wengine. Kwa hiyo kama hutumii dawa za homoni na miezi 3 imepita bila hedhi, na huna mimba, hupumziki kwa raha. Unakwenda hospitali upewe dawa ya kuishusha.

Nilipewa vidonge vya majira, baada ya kupimwa presha na kuulizwa habari za kipandauso na damu kuganda. Kwangu mimi vidonge vile ni tiba: vinaulinda ukuta wa kizazi, vinazipunguza homoni za kiume, na ndevu zinalegea taratibu, si chini ya miezi sita. Wifi yangu aliviona kwenye droo. Jioni kikao kikaitishwa: mwanamke huyu anakula dawa za kuzuia kizazi, mtoto mmoja tu kashiba. Nilieleza. Wengine hawakuelewa, na sikuwalaumu, kwa maana tangu mwanzo walifundishwa kwamba ugonjwa huu maana yake ni kukosa mtoto; mwenye mtoto anawezaje kuwa mgonjwa? Mama mkwe ndiye aliyekifunga kikao. Alisema, "Huyu akifa kwa kizazi, mjukuu wangu mtamlea ninyi?"

Yapo pia ya moyoni. Katika miaka ya kutafuta mtoto nilikuwa nikiamka sina hamu ya kitu, na niliendelea kuwa hivyo baada ya kumpata. Daktari aliniuliza kuhusu usingizi na huzuni, akanieleza kwamba sonona na wasiwasi vinatuandama sana sisi wenye PCOS, na ni sehemu ya matibabu kuuliza. Nilizungumza na mshauri nasaha kwa miezi kadhaa. Imani yangu haikupungua kwa kufanya hivyo.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 17, alikuja kukaa nasi likizo. Nikamwona kidevu. Nikamuuliza uani, kwa sauti ile ile ya bibi, na akanijibu, "Mama mdogo, zinakuja mara moja moja." Nilimpigia dada. Akasema, "Akiolewa zitatulia." Nilimjibu hapana, nampeleka kesho. Amepimwa sukari, amepewa tiba, hedhi zake zina tarehe, na hajafikiria kuolewa. Anasomea kuwa fundi umeme.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi 70 kati ya 100 walio nayo duniani hawajaambiwa. Mama unayesoma, hesabu hizo zimo nyumbani kwako, shuleni kwa mwanao na kwenye safu yako msikitini au kanisani. Hedhi kuyumba mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo ni kawaida. Lakini binti aliyevunja ungo miaka 3 iliyopita, na bado zinapita zaidi ya siku 35 kutoka moja hadi nyingine au hazifiki mara 8 kwa mwaka, mpeleke hospitali. Aliyetimiza miaka 15 bila kuiona kabisa, mpeleke. Akiwa bado mdogo hivyo usikubali atajwe mgonjwa kwa altrasaundi peke yake. Katika miaka 8 ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, ovari za wasichana wengi wazima zinaonekana hivyo hivyo. Omba apimwe presha na sukari, ile ya kunywa glukosi.

Na wewe dada uliyekwisha kuzaa ukaambiwa umepona: hesabu miezi tangu hedhi yako ya mwisho. Ikiwa ni mitatu au zaidi, nenda hospitali wiki hii.